Mubirizi wa baba mkwe

Shufaa uko wapi?? Natamani ardhi ipasuke inimeze.

Wale watafiti wa mitishamba ya kushusha sukari wamefika leo hapa Nyakatuntu. Mimi nesi mzima, kwa kiherehere changu, nikawapeleka kwa baba mkwe. Nikatamba kabisa, mzee anakunywa majani ya mubirizi wiki ya tatu sasa, mpimeni mjionee.

Wakampima. KUMI NA TISA.

Kumi na tisa Shufaa! Mwezi jana alikuwa na kumi na moja!

Mtafiti akamuuliza taratibu, "Mzee, huo mubirizi unaunywaje?"

Mzee kifua mbele: "Ni mchungu mno, mwanangu. Nauchanganya na omuramba, kikombe kikubwa asubuhi na jioni."

Omuramba!! Juisi ya ndizi, tamu kuliko soda!

Nikadakia kwa ukali, "Baba, nani kakufundisha hivyo?"

Akanishangaa. "Si wewe, Noela? Ulisema dawa chungu nitafute kitu cha kuteremshia."

Nilimaanisha MAJI.

Mtafiti akaandika weee. Kisha akaniuliza, kwa adabu zote, jina langu la pili.