Bati limetoboka jikoni, maji yanadondoka sebuleni

Shoga, ndiyo tumerudi kutoka hospitali, mimi na binti yangu. Nimechoka hata kusalimia.

Kitendawili: bati limetoboka jikoni, maji yanadondoka sebuleni. Usihangaike kutegua, ni mimi huyo.

Lile bega ulilonichua mpaka mafuta yakatuishia, halina ugonjwa. Halina, nakwambia. Daktari wa viungo kanibonyeza shingoni, maumivu yakateremka begani mpaka kwenye kiwiko. Nikamwambia, “Baba, bega ni hili, umepotea njia.”

Akacheka. “Bibi, shingo ndiyo inaumwa, bega linalia kwa niaba yake. Kwani unalala vipi?”

Nikasema kitandani, kama watu wote.

Binti yangu akadakia palepale. “Muongo huyo. Analala kwenye kochi, kichwa juu ya mkono wa kochi. Tangu niachike nikarudi na mtoto, kitanda katuachia sisi.”

Mbele ya daktari, shoga. Muongo, na mvi zangu hizi.

Tulipofika mlangoni kwetu, binti akaniambia, “Mama, sisi tutahama.” Tutahama. Waende wapi na kitoto kile? Neno hilo liliniuma kuliko shingo.

Nikamwambia sina nguvu za kubishana, ila kitanda kile nilimlea yeye juu yake, na watatu tutaenea.

Basi nakuandikia nikiwa kitandani. Binti kalala ukutani, mjukuu yuko katikati, ananipiga mateke ya mbavu. Shingo imepumzika, sasa ni zamu ya mbavu. Lakini hawahami.