Mama, Viti Vipo

Mwaka umekatika, Mama, tangu asubuhi ile ulipotuaga kwa sauti ndogo, wewe ambaye hukuwahi kuwa na sauti ndogo. Leo tunakuandikia kwa moyo mwepesi, maana lile swali lako tumelipatia jibu.

Nguo zako zilinukia sabuni hata kabla hazijafuliwa. Miaka yote ulifunga sabuni kwenye meza ndefu ya kiwanda, umesimama kutwa nzima. Jioni ulirudi miguu imevimba, ukaipandisha juu ya ndoo iliyopinduliwa, na ukiwa hapo hapo ukatuamrisha kazi za jikoni. Baba akikupa pole, ulimwambia pole haipunguzi uvimbe.

Ulipoingia chama cha wafanyakazi, nyumba yetu ilisahau utulivu. Vikao sebuleni, viatu vimejaa mlangoni, chai haitoshi. Mlidai ruhusa ya kliniki kwa wajawazito, mkaipata. Jirani yetu fundi wa kuchomelea alipoungua, wala hakuwa mwanachama, ni chama kilichomtafutia gari na kumsimamia mpaka akapona. Lakini lililokukaa rohoni lilikuwa viti. Baba alikutania kwamba umechaguliwa mwenyekiti kabla hujapata kiti. Ulicheka, ila hukuacha kudai. Siku vilipofika, virefu, vya mbao, ulirudi ukatusimulia kama mtu aliyetoka harusini.

Ulipougua, jambo moja lilikunyima raha. Wenzako walizoea kukusukuma mbele, wao wakajibanza nyuma yako.

"Nikiondoka, viti vitabaki kweli?" ulituuliza.

Binti yako kitinda mimba, uliyemwachia nafasi yako pale mezani, aliendelea kukukanda miguu.

Na kweli, Mama, udongo wa kaburi lako haujakauka, viti vikaondolewa, eti vinapelekwa kutengenezwa. Wiki zikapita, havirudi. Binti yako alikuwa na mimba yake ya kwanza. Jioni tulimwona akiivuta ile ndoo yako apandishe miguu, tukageuza nyuso. Tuliona kama tunakuzika mara ya pili.

Unamkumbuka Kimya? Yule aliyekuja kwenye vikao akanywa chai yetu na kuondoka bila kutoa neno, mpaka ukasema anahudhuria kwa ajili ya sukari. Asubuhi moja aliingia getini na kigoda cha jikoni kwake kichwani. Akakiweka, akakaa, akaanza kazi. Meza ilimfika kidevuni, akafunga sabuni hivyo hivyo. Kesho yake wenzake nao wakaja na vya kwao: stuli, viti vya plastiki, hata kreti ya soda. Binti yako alikwenda na ndoo.

Msimamizi alifoka, akataka kujua kiongozi wao ni nani. Kimya hakuinua macho kutoka kwenye sabuni.

"Kiongozi wetu tulimzika," akasema. "Sasa itabidi uongee na sisi wote."

Wiki haikuisha, viti vikarudi. Tulipopata habari hiyo, Baba alikaa kizingitini akalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na tulijua si kilio cha huzuni.

Mjukuu wako amezaliwa salama, ana sauti yako. Mama yake yuko likizo ya uzazi, na kiti chake kinamngoja mezani. Kimya ndiye mwenyekiti siku hizi, na anaongea hadi vikao vinachelewa kwisha. Ndoo yako sasa inachota maji tu.

Basi uliza tena, Mama. Vipo. Pumzisha miguu.

Unakumbukwa na mumeo, ambaye chai yake bado haitoshi, wanao na wakwe zako, dada zako, mjukuu wako mchanga, na wenzako wa meza ndefu, walioomba wahesabiwe ndugu.

Daima, kila tunapoketi, tutakukumbuka.