Sharti Nililoona Haya Kuliweka

Bergen, Norwei

Kwako Dada Mwajuma,

Shikamoo dada. Naomba barua hii ikukute umekaa, si unamkimbilia mama anayejifungua. Shemeji hajambo? Na mguu wa Mama je, bado unavimba akitoka shamba? Mimi mwili mzima, ila mvua ya huku haina adabu, wiki ya tatu sasa hainyamazi. Moyo ndio haujatulia, dada, na sababu ni jambo nililokutendea bila kukuuliza.

Unakumbuka yale madaftari mawili uliyonipa nilipokuja likizo. Maneno ya Kizigua ambayo bibi zetu huyatumia kueleza maumivu, uliyoyakusanya kijiji kwa kijiji kwa baiskeli, ili wauguzi wanaoletwa Handeni kutoka mbali waache kubahatisha. Daftari la kwanza nililiingiza kwenye programu: muuguzi anaandika neno alilolisikia, kompyuta inamwonyesha maana yake. Kisha nikaiweka kwenye mtandao iwe programu huria, yaani yeyote aichukue na aone ilivyoandikwa ndani.

Sasa, kitu cha namna hiyo huambatana na leseni, maandishi ya masharti. Zipo nyingi. Mimi nikachagua fupi kuliko zote: chukua, badilisha, uza, hata uifunge ukipenda, mradi usifute majina ya waliotengeneza. Ipo nyingine inayosema chukua, badilisha, hata uza, lakini ukimpa mwenzio, mpe ikiwa wazi kama ulivyopewa wewe. Hiyo niliisoma nikaona haya. Nilijiona kama namkaribisha mgeni ugali huku namhesabia matonge. Kwetu nani anatoa kitu na kukiwekea masharti? Ndivyo nilivyowaza, mjinga mimi.

Mwezi uliopita Sista Neema, yule muuguzi wa Handeni uliyemfundisha kuitumia, akaniandikia barua pepe. Wameletewa toleo jipya na kampuni moja ya Dar. Linapendeza, anasema. Ila alipotaka kuongeza neno alilolisikia kwa mgonjwa, likakataa, mpaka aiombe kampuni. Na pale penye majina, jina lako halipo. Langu pia halipo, lakini langu si kitu. Nilisoma mara tatu. La kuifunga waliruhusiwa, na aliyewaruhusu ni mimi. La kufuta majina hawakuruhusiwa na mtu, nami nikawaandikia wayarudishe.

Jibu lilikuja kwa simu. Bwana mmoja, mpole kweli, akasema majina yatarudi, hilo ni kosa dogo tu. Kisha akaja na lake. Wanalitaka daftari la pili, lile la maneno ya uzazi, liwe lao peke yao. Nikitia sahihi, kuna kazi Dar inaningoja, na nyumba ya kukaa. Dada, miaka sita sasa nimemwona Mama mara moja tu. Nikamwomba bwana yule arudie lile la nyumba. Nikamwambia maneno si yangu, ni ya dada yangu, siwezi kuyachagulia leseni peke yangu.

Akacheka kidogo. "Dada yako si yuko kijijini Kwamsisi? Atajuaje?"

"Nitamwambia mimi," nikasema.

Sikukuandikia siku ile, sitakuficha. Siku mbili nzima nilizunguka na ile nyumba ya Dar kichwani, najiambia kwani wewe utapungukiwa na nini. Nilijichukia. Kisha nikakumbuka Mama alivyokuwa akitoa mbegu ya kunde. Alikuwa akimpimia mtu, halafu anamwambia nawe ukivuna, mwenzio akikuomba usimnyime. Hilo ni sharti, dada, na sijamsikia mtu akimwita Mama mchoyo.

Huyo bwana amenipa hadi mwisho wa mwezi, ndiyo maana barua hii nimempa mwenzangu anayekuja Korogwe. Atakaa siku nne, majibu mpe yeye. Ndani kuna karatasi mbili. Moja inawapa kampuni daftari la pili. Nyingine inaliweka chini ya ile leseni niliyoionea haya, na hapo hata kampuni wanaweza kulichukua, ila wakilitoa lazima libaki wazi, Sista Neema aongeze neno bila kumpigia mtu magoti. Daftari la kwanza, lililokwisha kwenda nao, siwezi kulirudisha. Karatasi ya pili nimeshaitia sahihi. Ya kwanza nimeiacha bila sahihi, lakini ukiitaka hiyo, nitaitia sahihi pia, maneno ni yako. Usinihurumie kwa ajili ya kurudi nyumbani.

Habari ya kazi ya Dar usimwambie Mama, nitamwambia mwenyewe. Nisalimie shangazi wa Mazinde, na binamu yetu fundi baiskeli, aliyekuzibia pancha zote zile bila kununa.

Jambo moja la mwisho. Kwenye toleo letu jipya mstari wa kwanza nimekwisha kuuandika: Maneno yamekusanywa na Mwajuma wa Kwamsisi. Chini yake nimeacha nafasi. Niandikie majina ya wale bibi waliokupa maneno, wote, hata waliokwisha kufariki, kila mmoja na kijiji chake.

Mdogo wako aliyekukosea,
Athumani