Uliniitikia "Karibu"

Mama,

Jana Bi Mwanaidi, jirani yako wa ukuta mmoja, aliniambia kwamba uliniitikia. Alikuwa uani kwake anafua. Alisikia hodi zangu tatu, kisha akakusikia wewe ukisema "Karibu", kwa sauti ndogo. "Nkajua ushaingia, baba," alisema. "Nkaendelea na nguo zangu."

Siku ile sikukusikia, wala sikuingia. Ilikuwa saa saba mchana, mlango wazi, pazia limeshushwa. Nilidhani umelala, au una wageni wa kike. Nikageuka, nikarudi kazini. Dada Zuhura alikukuta saa kumi, sakafuni, kando ya kitanda, umeshafariki. Daktari alisema ni kiharusi.

Ndivyo ulivyonifunza. Nilikuwa na miaka kumi na tano nilipovamia pazia nikamkuta Bi Mwanaidi kichwa wazi, unamsuka. Ulinirushia kitana. "We Hamisi! Hapa sokoni? Ndevu zishakuota! Hodi tatu, usipojibiwa rudi ulikotoka!" Bi Mwanaidi alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Mwache, keshaniona, sasa anioe." Tangu siku hiyo sikupita pazia lako bila kuitikiwa.

Leo asubuhi nilimwomba Zuhura alale pale pale ulipokutwa, aseme "Karibu" kwa sauti ndogo. Nilisimama mlangoni. Pazia likiwa chini, sikusikia kitu. Tukalifunga fundo, akasema tena. Nilisikia. Ni pazia lile zito la mahameli nililokuletea Sikukuu. Wewe ulitaka jepesi, lipitishe upepo. Zuhura hakuinuka haraka. Alibaki sakafuni, uso ameuelekeza ukutani.

Sijui kama ningewahi kukufikisha hospitali. Daktari naye hajui. Nilimuuliza mara mbili. Ninachojua ni kwamba ulinikaribisha, nami nikaondoka. Unisamehe, Mama. Siwezi kuliandika neno hilo vizuri zaidi ya hivyo.

Zuhura atakaa humu na wanawe. Nimemwambia kwamba nikipiga hodi tatu nisisikie jibu, nitaingia.

"Na nikiwa navaa?"

"Utanitukana."

"Ntakutukana kweli," alisema. Kisha akasema, "Ingia."

Hiyo ndiyo ahadi yangu, Mama, ijapokuwa ni kinyume na ulivyonilea. Mungu akupe raha huko uliko. Hitma yako tunaisoma Ijumaa, baada ya sala ya alasiri. Zuhura anahamia Jumamosi asubuhi.

Mwanao,
Hamisi