Anayezima Mashine

Jumatatu, 3 Juni
Baridi ya Ipogolo inakata masikio. Nimesaga tangu asubuhi, nywele unga tupu. Mama Nuru, tajiri wetu, ameongeza mashine ya tatu. Mwaka jana tulikuwa wanne, tunakula naye makande sufuria moja. Sasa wengine hata majina yao siyajui. Duka jipya la Soweto, kule Mbeya, linataka unga kila siku. Tunakua, anasema. Haya.

Alhamisi, 6 Juni
Sheria mpya. Zamani ukisikia mashine inalia vibaya, unazima, unaita wenzako. Hakuna maswali. Sasa anayezima bila ruhusa ya Mama Nuru anasimama asubuhi mbele ya wote, anaomba radhi. Yeye yuko ofisini juu, nyuma ya kioo, anatuona sote. Leo kasimama fundi wetu, Baba Eliza. Mtu mzima na mvi zake! Aibu nimeona mimi.

Jumanne, 11 Juni
Kimya. Hata Atu, mwenzangu wa mashine, hatanii, na mdomo wake ule haujawahi kupumzika. Chekeche limetoboka tangu Jumamosi. Wote tumeliona. Nani aseme? Leo Mbeya wamerudisha unga, umejaa chenga. Mama Nuru kafoka: "Macho mnayo ya nini?" Tukainama. Huyu mama ndiye aliyenipa kazi nilipofiwa na mume. Nampenda. Namchukia pia.

Ijumaa, 14 Juni
Mkanda wa mashine yangu unateleza, unapiga kelele. Kifuniko chake hakipo, kilitolewa tusipoteze muda. Atu ndiye anayekaa kwenye swichi. Nimemwambia, nikipiga yowe, zima.
"Dada, nikizima nitasimamishwa mbele ya wote."
Tukacheka. Cheko gani lile. Nauogopa mkanda, kweli.

Jumapili, 23 Juni
Hospitali. Naandika kwa kushoto, herufi kama za chekechea. Mkono wa kulia vidole vitatu havipo. Mkanda ulidaka sweta.
Nilipiga yowe. Atu alisikia. Akatazama juu kwanza, kwenye kioo. Ndipo akazima.
Mama Nuru alikuja jana, akalia sana. "Kwa nini hamkuniambia?" Nikageukia ukutani. Nilikuwa nimechoka.
Leo Atu katoka kanisani moja kwa moja hadi hapa. Kanilisha uji, kijiko kwa kijiko. Akanifuta mdomo.
Simlaumu. Ningekaa mimi kwenye ile swichi, ningetazama juu vilevile.