Programu Aliyonichagulia Shemeji

Shoga, acha unachofanya unisome.

Shemeji yangu wa redioni, mdogo wake mume wangu, si nilimwomba anichagulie programu rahisi ya kuhariri podikasti yangu ya ndoa? Akanipa dude lina vitufe kama chumba cha rubani. Nimehangaika nalo, hata kikohozi sijaweza kukikata.

Leo mezani kwa mama mkwe, watu wamejaa, nikamuuliza tena. Akacheka. "Shemeji, kuhariri si kukata vitunguu."

Vitunguu. Mbele ya mama mkwe. Na mume wangu akacheka naye.

Nikakimbilia jikoni kuosha vyombo nisije nikalia. Mke wa shemeji akanifuata, akafunga mlango, akanionyesha simu yake. "Lile hata yeye limemshinda. Anatumia hii ndogo ya bure. Alikupa lile ukate tamaa, maana na yeye anaanzisha podikasti ya ndoa."

Na yeye. Ya ndoa. Shoga, damu ilinichemka.

Nikaipakua palepale. Kukata, kuunganisha, kushusha sauti ya muziki, vyote nimevielewa kabla vyombo havijakauka.

Nikamwambia huyo mke wake, "Nahitaji mgeni wa kwanza." Akavuta kiti, nikaanza kurekodi, akaeleza raha ya kuishi na mume anayejua kila kitu. Sikukata hata neno.

Nimeirusha sasa hivi. Wanaisikiliza hapa mezani, kwenye simu yangu. Shemeji kainamia sahani, mume wangu haniangalii.

Mama mkwe kasema, "Hebu rudisha nyuma, hapo huyu mwanangu anapojisifu kwenye kioo sijasikia vizuri."

Nimerudisha. Mara mbili.