Kifuniko cha Laini

Jumamosi, 12 Novemba 2005

Imekatika. Imekatika, imekatika! Adham kapiga saa nne asubuhi, yuko njiani kuingia jangwani, mahali pa mwisho penye netiweki. Baada ya hapo siku ishirini na moja kambini, kwenye visima vya mafuta, kimya. Kauliza hali, kauliza mama hajambo, nami nangoja jambo moja tu, maana Idi yote alikuwa kwao Sinaw na aliniahidi atasema na mama yake juu yetu. Kasema: "Rahila, nimezungumza na mama. Amesema—"

Basi. Skrini ikaniandikia: tia laini.

Laini imo! Ila kile kifuniko cha bati chenye bawaba, kinacholala juu ya laini na kuibana, kilivunjika sikio tangu Ramadhani, nami nimekishikiza kwa kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Nikiinua simu vibaya tu, laini inateleza. Nimekunja kikaratasi kipya, nimewasha, nimepiga. Haipatikani. Nimepiga mara kumi na moja.

Na mimi ndiye fundi. Nusu ya wanawake wa Ibra, simu zao zinafungika sawasawa kwa mikono hii. Mganga hajigangi, wallahi.

Amesema nini?


Jumapili, 13 Novemba

Amesema hataki. Amesema atafikiri. Amesema mwanamke gani huyo anayeshinda na moshi wa lehemu. Amesema Zinjibari, hapana. Nimeyapanga yote na kuyapangua, na kila moja linanikaa vizuri mdomoni mwa mama nisiyemjua hata jina. Wanaume wa kwao hawataji majina ya mama zao.

Zinjibari! Sisi hata Unguja hatukuikanyaga. Tumetoka Bujumbura nikiwa na miaka minane. Lakini kwa Waarabu wa huku kila anayesema Kiswahili ni Zinjibari, haya.

Mama kauliza mbona sijala. Nimesingizia tumbo. Hakuamini, ila kaniachia sahani mezani, kaifunika.


Jumatano, 16 Novemba

Soko la wanawake leo, kwa hiyo na mimi nyumba imejaa. Wakishauza na kununua huko, wanapita kwangu. Madukani simu hawapeleki: zina picha zao za harusi, hawajasitiri nywele, nani ampe mwanamume azipekue? Kwangu wanakaa mkekani, wanakunywa kahawa, wanasengenyana mpaka simu iwe tayari.

Na leo bahati! Jirani yetu Kaltham kaniletea simu yake iliyoanguka kwenye falaji, mfereji wa maji. Imekufa kabisa, lakini kifuniko chake kizima, masikio yote mawili, aina ileile kama yangu. Kaniachia nifanye nitakavyo. Nimekihamishia kwangu saa hiyohiyo, kabla sijamhurumia mwingine. Nikakisukuma mbele, tik. Nimeitikisa simu, nimeipiga kwenye goti. Haizimiki.

Sasa simu nzima. Atakayepiga yuko wapi?


Jumanne, 22 Novemba

Siku kumi. Nimezikumbuka leo zile siku za Nizwa, kozi ya simu, mwaka wa 2001. Wasichana sita mbele, wavulana nyuma. Kibanio changu cha kushikia vipuri kilikuwa butu, Adham akanipitishia chake juu ya meza bila kunitazama, na mwisho wa somo hakukidai. Ninacho mpaka leo. Mimi nikamfundisha neno la kwetu, la kumwambia mtu ukimkuta anafanya kazi. Kuandika p anaweza, kuitamka hawezi. "Bole na kazi," anasema. Kila akipiga simu, kabla ya salamu: bole na kazi.

Nimemkumbuka sana. Miaka minne ya kusikia sauti tu. Nina miaka ishirini na tisa. Nataka kumuona akiingia mlangoni na viatu vyake vya vumbi, nimgombeze avivue.

Naandika haya Kiswahili kwa sababu watoto wa kaka yangu wanakisema, kukisoma hawawezi.


Jumatano, 23 Novemba

Wengi leo. Mmoja simwelewi. Bibi wa makamo, barakoa usoni, mikono imejaa hina, kaja na kopo la samli alilosema lilimbakia sokoni. Bi Wadha, wa Sinaw. (Sinaw ilinishtua, lakini kila Jumatano nusu ya soko ni watu wa Sinaw. Nikajiambia tulia.) Simu yake mpya, kifuniko cha laini kimevunjika. Wengine huniachia laini humohumo. Yeye kaitoa, kaifunga kwenye pindo la shela lake.

Halafu hakuondoka! Kakaa mpaka adhuhuri. Kaomba maji, kaishika glasi kwenye mwanga kabla ya kunywa. Kauliza nani kanifundisha kazi. Kanitazama vidole. Kamgeukia mama: nyinyi watu wa nani? Babu yenu alitoka kijiji gani hapa Ibra? Na huko Afrika alioa wapi?

Mama yangu, Bi Mahfoudha, huyu hajui kuficha. Kwa Kiarabu chake cha kuungaunga kamwambia yote: babu yake alitoka hapahapa, akaenda Unguja, akapanda mpaka Ujiji, akaoa Mmanyema, na huyo Mmanyema ndiye aliyemlea yeye, na hajaona mwanamke wa kumfikia kwa dini wala kwa upishi. Nilimkanyaga mguu. Kauondoa mguu, kaendelea.

Bi Wadha kasikiliza mpaka mwisho. Kasema simu ataifuata Jumatano ijayo.


Alhamisi, 24 Novemba

Ya Rabbi. Nimeiweka ile simu chini ya lenzi leo asubuhi.

Vifuniko hivi nimeona mia vilivyovunjika. Huvunjika sikio moja, polepole, kwa kufunguliwa na kufungwa, na plastiki inayokishika inakuwa imesuguliwa. Hiki masikio yote mawili yamekunjwa upande mmoja, kwa mara moja. Plastiki inayokishika mpya kabisa, na ukingoni pana mkwaruzo wa ncha ya kisu. Hiki hakikuvunjika. Kimevunjwa.

Nani anachukua kisu anaivunja simu yake mpya, anasafiri nayo kutoka Sinaw, anaacha mafundi wote wa njiani, anakuja kukaa mkekani kwangu mpaka adhuhuri?

Kaja kuniona. Ni mama yake!

Nilikuwa miguu wazi. Kanga yangu ina tundu la lehemu kifuani. Nywele zinanuka moshi. Sikumshika mkono vizuri. Na mama na Mmanyema wake! Nimeenda jikoni nimemlaumu, nimemwambia nani yule na kwa nini kaja, nimesema angeishia kwenye babu tu, ingetosha. Mama kaacha kukanda unga. "Akikutaka, akutake na bibi yetu," kasema. "Bibi yangu simzungumzi nusu."

Nimelia. Halafu nimeona haya, kwa sababu jina la bibi huyo ndilo nililo nalo.


Jumamosi, 26 Novemba

Kifuniko cha simu ya Bi Wadha hakuna. Nimepiga Nizwa, nimepiga Bidbid, wote wanasema wiki mbili. Kipo kimoja tu Ibra nzima, nacho kimo ndani ya simu yangu.

Nimewaza ujanja: nimwambie kipuri hakijafika, arudi wiki nyingine. Nitapata kumuona tena, na mara hii nitakuwa nimevaa. Mama kasema hapana, kazi ya mtu haifanyiwi hila, na nikifanya hila ataondoka akijua kitu kimoja tu juu yangu, kwamba fundi huyu si fundi.

Lakini Adham anatoka jangwani Jumamosi ijayo! Akipiga, nami nimerudi kwenye kikaratasi?


Jumanne, 29 Novemba

Nimekitoa. Kimekaa kwenye simu ya Bi Wadha kama kilizaliwa humo. Yangu nimeikunjia karatasi, imezimika mara tano tangu alasiri.


Jumatano, 30 Novemba

Nilivaa. Nilifukiza udi mpaka Kaltham akauliza nani anaolewa.

Kaja saa tano, peke yake. Kahawa, tende, habari za mbuzi. Kisha nikampa simu yake. Kafungua fundo la shela, katoa laini, kaitia mwenyewe, kakilaza kifuniko kwa kidole gumba na kukisukuma. Tik. Kwa ustadi kabisa, mtu anayejua kukifunga na kukifungua. Kaiwasha. Netiweki imejaa. Kaitikisa. Kaipigapiga kwenye kiganja. Kaiangusha kwenye mto. Haikuzimika.

Kanitazama. Yale macho ndani ya barakoa, sijui kuyasoma.

"Bado kinalegea," kasema.

Nikamwambia kwa heshima, khala, hakilegei, nimekijaribu.

"Kinalegea, mwanangu. Mimi nakiona."

Akazima simu, akatoa laini, akaifunga tena kwenye pindo. Simu akaiweka juu ya meza yangu, katikati ya vibanio. Akasema Jumatano atarudi, hatakuja peke yake. Atakuja na wifi yake mkubwa, shangazi wa watoto, ana macho makali kuliko yake, naye akisema kitu kimekaa sawa nyumba nzima inakubali.

Mimi nilisema karibuni, au nilidhani nimesema.

Nimemsindikiza hadi mlangoni. Kavaa viatu, kageuka, kaniangalia vidole tena. Halafu kasema, kwa uzito wa mtu aliyelikariri neno njia nzima:

"Bole na kazi."

Nimerudi ndani nimekaa chini.


Jumamosi, 3 Desemba

Leo anatoka. Saa saba na nusu mchana. Simu yangu imezimika mara mbili tangu adhuhuri, nimebadili karatasi, nimetia ya pakiti ya chai, ngumu zaidi. Imezimika tena. Akipiga sasa hivi ataambiwa sipatikani.

Ya Bi Wadha ipo hapa mbele yangu, nzima, tupu. Laini yangu haijawahi kuingia kwenye simu ya mteja. Ndiyo sheria yangu ya kwanza, ndiyo maana wananiamini na picha zao.

Mama kapita na ufagio, kaziangalia zile simu mbili, kaniangalia mimi. Kasema simu nzima haiachwi kwa fundi wiki nzima bure. Kaendelea kufagia.

Saa nane kasoro. Nimekifungua kifuniko. Nimeilaza laini yangu. Nimekifunga, tik. Imewaka. Inatafuta netiweki, inatafuta. Kijiti kimoja. Viwili—